Kifaa cha Ackson Chapanda Ndege

Saa mbili asubuhi, Jumanne moja ya Machi, Ackson, mpimaji, hajafika. Mzee Nsajigwa amesimama kwenye shamba lake la chai, Ibighi, chini ya Mlima Rungwe. Tupokigwe yuko kando yake, kamba ya kupimia begani. Jana Ackson alipima pembe nne, zimebaki tatu.

"Kaka yako leo kalala," mzee anatania. "Au zile ndizi za jana zimemlemea."

Ackson hajawahi kuchelewa. Saa tatu simu inaita kutoka nyumbani kwake, Makandana. Amefariki usingizini.

Kwa miaka tisa alipima mashamba ya chama cha wakulima wadogo kwa kifaa cha GPS cha rangi ya njano, kinachoenea kiganjani. Kwenye kila pembe alisimama, akaihifadhi humo. Mdogo wake, Tupokigwe, alishika kamba. Walifikisha mashamba 318, na la Nsajigwa likaishia nusu.

Nakala ya vipimo hivyo haikuwepo. Waya wa kuunganisha kifaa na kompyuta ulikatika zamani, na wa aina ile haupatikani Tukuyu wala Mbeya.

"Kikipotea, watu wanarudi kugombania mipaka," anasema Tupokigwe, mwenye miaka 34. "Na kazi ya kaka inakuwa kama haikufanyika."

Julai chama kikamchagua kwenda mafunzoni Dar es Salaam, ambako fundi mwenye waya ule angemsubiri. Tena kwa ndege, ambayo hakuwahi kuipanda. Siku tatu hakulala vizuri kwa furaha, na majirani hawakukauka uani.

"Hicho kidude usikiwashe," alionya Rahima, muuza vitenge. "Rubani atafuata ramani yako, mtatua kwenye migomba."

Walicheka, lakini neno lilimwingia. Akatoa betri, akazitia kwenye begi kubwa. Kifaa akakifunga ndani ya khanga, akakibeba mkononi.

Hapo alikosea. Kwenye uwanja wa ndege wa Songwe, begi kubwa likiwa limeshapokelewa, mkaguzi alikigeuzageuza kifaa.

"Mama, kiwashe tuone."

"Betri zimeondoka na begi."

"Sasa tutajuaje ni kitu gani? Hivi hakipiti."

Nyuma ya Tupokigwe alisimama mzee Yunusu, mfanyabiashara wa Tukuyu, na redio yake ndogo. Bila kuulizwa, akafungua mgongo wa redio, akatoa betri mbili.

"Chukua, mwanangu. Habari nitazisikia Dar."

Kioo kikawaka. Mkaguzi akatabasamu. "Kumbe ni cha kupimia. Pita nacho, mama, hakina shida."

Yeye na Yunusu walikaa safu moja. Ndege ilipopaa, Tupokigwe alishika mkono wa kiti na kucheka peke yake kama mtoto kwenye bembea. Taa ya mikanda ilipozimika, mhudumu alimruhusu kukiwasha. Kikakosa satelaiti.

Migombani, majani yakizuia, Ackson alimfundisha kukiinua juu na kutulia tuli. Basi akainua mikono yote miwili, akatulia.

"Mwanangu, unamsalimia nani?" Yunusu akauliza.

"Nasubiri satelaiti."

"Huko juu kuna mabegi ya watu. Weka dirishani."

Dirishani kilishika. Akachagua alama ya mwisho aliyoiweka kaka yake: Ibighi, pembe ya nne. Mshale ukazunguka, ukaelekea kulia. Akatazama. Mlima Rungwe ulikuwa umetokeza juu ya mawingu, palepale mshale ulipoelekea. Kilomita 58. Mara 63. Mara 70.

"Nilitamani kumwambia rubani asimame kidogo," anasema. "Machozi yananitoka na huku nacheka. Kaka hakupanda ndege maisha yake yote, lakini niliona aliposimama."

Dar, fundi alimaliza kazi kabla chai haijapoa. Mashamba yote 318, na ile nusu, yamo sasa kwenye kompyuta ya chama, na kila mkulima anapewa ramani yake.

Tupokigwe ndiye mpimaji sasa. Anataka kufikisha mashamba mia tano, kisha ajifunze kuchora ramani mwenyewe.

Asubuhi hii yuko Ibighi. Mzee Nsajigwa anamsubiri mpakani.

"Ndaga, mwanangu," anamshukuru. "Nilijua mtarudi."

Tupokigwe anasimama kwenye pembe ya nne, anasubiri kifaa kishike, kisha anatembea kuelekea ya tano. Kamba ameishika Prisca, mjane wa Ackson.