Nukta ya Nasoro

Asha binti Mahamudi wa Kalundu, bandari ya Uvira, alikuwa na wivu tangu kabla ya kuolewa. Ndoa ilimpa tu mahali pa kuuweka. Anauza vitenge sokoni Uvira, biashara aliyoachiwa na wazee wake waliovuka ziwa zamani na mizigo vichwani mwa watu wengine, na wateja wa jirani humuuma kuliko jino. Lakini wivu wake mzuri, ule wa sikukuu, alimwekea Raïssa, mke mwenzake anayekaa mji wa Baraka.

Mume wao, kapiteni Nasoro, aligawa siku zake kwa haki: zamu ya Uvira, zamu ya Baraka, na katikati boti yake ya mbao ikibeba unga na watu. Zamani akishaondoka, Asha hakujua lolote mpaka arudi, na kutojua kulimpumzisha. Ndipo likaja shirika moja la usalama wa ziwa, na magari meupe na semina yenye fanta. Mwingenieri wao akaeleza kwamba huko juu kuna satelite ndogo ndogo, kila moja kama mkate wa kawaida, zinapita zikifuatana. Kila boti itafungiwa kasanduku, nazo zitasikia kasanduku kako wapi, hata pale ambapo simu hazikamati. Kapiteni akipatwa na taabu abonyeze kitufe. Nukta inayoonyesha boti yake itageuka nyekundu kwenye telefone ya mtu mmoja wa familia, na huyo apigie shirika simu mara moja.

Mtu mmoja. Shirika lilikuwa limefikiria upepo, mawimbi na betri. Wake wa watu lilikuwa limewasahau.

Nasoro akataja namba ya mke mkubwa, ili apate kulala salama. Maelezo ya nyekundu yalikuja baada ya hapo, na Asha hakuyasikia, kwa sababu alikuwa amekwisha toka nje kumpigia Raïssa na kumpa habari kwamba amechaguliwa yeye.

Furaha hiyo ilidumu mpaka boti ilipofika Baraka. Sasa nukta ililala Baraka mbele ya macho yake. Ilikuwa zamu halali ya mwenzake, lakini halali ya kuambiwa ni kitu kimoja na halali ya kuonyeshwa ni kingine. Aliitazama akila, aliitazama akipima kitenge, akamkatia mteja pande lililozidi. Nukta ikitikisika kidogo, alijiuliza wanakwenda wapi wawili hao, akisahau kwamba kasanduku kamefungwa kwenye boti, na boti haiingii chumbani kwa mtu.

Siku ya zamu yake akapika samaki wa mukeke mapema. Nukta ikatoka Baraka, ikapanda kaskazini vizuri, ikafika mbele ya Mboko, ikasimama. Kisha ikawa nyekundu.

Asha aliielewa kwa akili yake: hata satelite imeona haya. Simu ya Nasoro haikupatikana. Akampigia Raïssa, ambaye kwa kawaida alisemezana naye kwa kuumizana tu.

"Bwana iko kwako?"

"Ametoka alfajiri, dada. Unauliza juu ya nini?"

"Iko Mboko. Amesimama."

Raïssa akauliza: "Mboko kuna nani?"

"Njo minye ninakuuliza weye," akajibu Asha, maana swali hilo lilikuwa lake.

Hapo wake wenza wakapatana kwa mara ya kwanza: kuna wa tatu. Raïssa akamshauri akimbie, asimpigie mtu simu, wasije wakamficha mwanamke. Basi shirika halikupigiwa. Asha akamng'oa mezani kaka yake Jafari, mwenye boti ya mbio, na njia nzima akapanga matusi yake kwa mpangilio mzuri.

Nyumba ya mwanamke hawakuiona. Waliona boti imelalia ubavu mbali na nchi kavu, moteri imekufa, abiria wanachota maji kwa masufuria, na Nasoro amekumbatia kasanduku. Alipomwona mkewe akalia mbele ya watu.

"Nilibonyeza nikasema hakuna atakayeona," akasema. "Kumbe weye ulikuwa unaangalia."

Matusi yote Asha akayameza, na kwa kitambo kidogo akawa mke mwema kabisa. Kisha akamwona abiria mmoja, dada mwenye shingo nzuri, anachota maji karibu mno na kapiteni.

"Dada, weye unashukia wapi?"

"Mboko, mama."

Jafari akafunga kamba, akasema mawimbi yamepanda, watavuta mpaka Mboko, ndiko karibu. Asha akasema Uvira. Abiria wote wakasema Mboko, na wengine walimtaja Mungu. Asha akarukia ile boti inayozama, akakaa katikati ya mumewe na shingo ile, na hivyo ndivyo walivyofika.

Walipokanyaga ufuko wa Mboko, Raïssa akampigia Asha simu: je, amemkuta?

"Bwana nimemukuta, moteri ilikufa. Mwanamuke ningali ninamutafuta. Lakini sikiliza: usiku wa Mboko usinihesabie. Zamu yangu inaanzia Kalundu."

"Hata minye usinihesabie," akajibu Raïssa. "Kwangu alikwisha toka."

Nasoro, aliyekuwa amesikilizwa na mbingu nzima, akaambiwa kwamba leo hana mke. Wenyeji wakampa chumba. Asha akatandika kitenge mlangoni, akalala papo hapo nje akiuziba, asiingie mwanamke yeyote.