Upande wa Mashariki wa Kichuguu

Watoto wangu wanadhani wanajua kwa nini mama yao alipunguza maneno na mimi katika miaka yake ya mwisho. Wanasema ni uzee, ni sukari, ni uchovu wa safari zake za samaki. Nimewaacha waamini hivyo kwa sababu ilinifaa. Sasa nimebaki peke yangu kwenye lupango wetu, kiwanja chetu cha nyumba huku Annexe, pembeni mwa jiji, na sitaki uwongo huo unizike.

Mtaani kwetu hakuna asiyejua habari ya mwizi wa reli. Wanasema zamani za wakoloni alikuwa mpagazi stesheni, akaacha mizigo akawa jambazi, akavamia treni iliyobeba mishahara ya watu wa migodini. Kabla askari hawajampiga risasi alizika sanduku la chuma chini ya kichuguu chenye vichwa viwili, karibu na kijito. Wengine husema ndani kuna sarafu za fedha. Wengine husema kuna misalaba ya shaba, ile ya kale iliyotolewa mahari na mababu. Nilipokuwa kazini niliicheka hadithi hiyo. Nilipostaafu na siku zikawa ndefu, niliacha kuicheka.

Lupango wetu ulikuwa wa mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyefyeka pori pale kabla ya mtaa kuwa mtaa, na mimi nilihamia kwake nilipooa. Katikati kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba, nacho kina vichwa viwili. Vichuguu vya namna hiyo viko vingi kwetu, kwa hiyo hilo pekee halikunisumbua. Lakini mwaka mmoja mafundi wa matofali walikata kichuguu cha jirani kupata udongo, wakatoa msalaba mmoja wa shaba, wa kijani kwa kutu, wenye ukubwa wa kiganja. Tangu siku ile sikulala vizuri.

Mashine ililetwa na rafiki yangu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi kwenye stoo ya vipuri vya treni. Wazazi wake walitoka Kasai, na baada ya kustaafu alifungua duka mtaa wa Ruashi. Huko mnunuzi mmoja wa madini alimwachia detekta, ile fimbo yenye sahani chini ambayo hulia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Mke wangu alipomwona akiishusha kwenye baiskeli, aliangua kicheko.

"Weye Mukasai, umefunga duka juu ya kuja kutafuta makopo ya sardini kwangu?"

"Mama, siku tutafungua sanduku, utaniita muheshimiwa."

"Nitakuita vile siku utajaza mashimo yako."

Kwa wiki tatu maneno yake yalikuwa kweli tupu. Ardhi ya Katanga yenyewe ni madini, na mashine ililia kila mahali kama mbuzi aliyefungwa. Tulijifunza kusikiliza: chuma kilikoroma, shaba ilitoa sauti nyembamba ya juu. Tulichimba misumari, vifuniko vya chupa za bia, kitovu cha gurudumu la baiskeli, na makopo ya sardini ambayo mke wangu aliyapanga mlangoni ili rafiki yangu ayaone akifika.

Siku moja alitoka jikoni, unga wa bukari ukiwa bado mikononi, akasimama mbele yetu.

"Papa, chimbeni fasi yote munapenda. Lakini kule mashariki ya kichuguu, kwenye matembele, hapana."

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Juu nimesema."

Rafiki yangu alicheka. "Ee, mama! Basi njo kule sanduku iko?"

Yeye hakucheka. Alinitazama mimi. "Uniahidi."

Nikamwahidi. Rafiki yangu alikuwa shahidi.

Ule mzaha wa rafiki yangu ndio ulioniingia. Alipousema yeye ulikuwa upepo. Kichwani mwangu uliota mizizi. Mama mkwe ndiye aliyekuja pale wa kwanza. Je, kama alijua? Je, kama alimwachia binti yake siri ile, na binti yake akaninyima miaka yote hii? Niliyafikiri haya juu ya mwanamke aliyenizalia watoto watano na kuwasomesha kwa samaki wakavu. Sikushawishiwa na mtu. Niliyafikiri mimi mwenyewe, nikala chakula chake huku nikiyafikiri.

Msimu ulipofika alipanda lori kwenda Pweto kununua samaki, kama alivyofanya kila mwaka. Siku ya tatu nilimwita rafiki yangu. Nilipomwonyesha matembele, alishusha mashine chini.

"Muzee, si ulimuahidi mama?"

"Lupango iko yangu pia."

Haukuwa wangu. Hata neno hilo lilikuwa la wizi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Mashine ilipopita juu ya tuta la pili ilitoa sauti nyembamba, safi, kuliko zote tulizozisikia. Niling'oa matembele kwa mikono. Nilichimba mwenyewe, sikutaka hata rafiki yangu aguse jembe. Kwenye kina cha mkono mmoja nikagonga kitu kilicholia. Lilikuwa beseni jeupe la alumini, limefunikwa kifudifudi. Nililiinua nikicheka, nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa ninacheka. Chini yake palikuwa na kitambaa kilichooza, na juu ya kitambaa bangili ya shaba, ndogo hata isingepita kwenye kidole changu gumba.

Rafiki yangu alivua kofia.

"Funika," akasema. "Muzee, funika. Hii si ya mwizi."

Kwa watu wa mke wangu, mtoto akizaliwa bila pumzi hafanyiwi kilio. Wanaume hawaitwi. Wanawake waliokwisha kuzaa humchukua, humzika karibu na nyumba mahali penye unyevu, na baba haonyeshwi. Husemwa kwamba baba akipajua, mtoto hataweza kurudi tumboni mwa mama yake. Mtoto wetu wa kwanza alikwenda namna hiyo, miaka arobaini kabla ya siku ile. Nilirudi kutoka kazini jioni, mama mkwe akanipokea mlangoni akaniambia, "Imekwisha. Usiulize." Sikuuliza. Niliona kutouliza ni heshima, na ilikuwa heshima. Lakini pia ilikuwa rahisi. Mwezi uliofuata nilikuwa nacheza mpira na wenzangu wa stoo.

Tulirudisha kila kitu. Nilipandikiza matembele, nikayamwagia maji asubuhi na jioni, kisha nikajiambia kwamba asiyejua haumii.

Alirudi na magunia yake. Kwa kawaida alikuwa akirudi na visa: dereva fulani aliyelala usukani, mama fulani aliyeuza samaki yule yule mara mbili. Jioni ile alianza kimoja, akatoka kuchuma mboga, asikimalize. Nilimkuta amechuchumaa kwenye matuta. Nilikuwa nimesahau kwamba udongo wetu una rangi mbili, mweusi juu na mwekundu chini, na mtu akishauchimbua hawezi kuupanga tena kama ulivyokuwa.

"Ulifungua?" aliuliza.

"Nilifungua."

"Ulimuona?"

"Niliona bangili."

Alikaa chini kabisa, kwenye udongo, na nguo zake za safari.

"Kila mara ninachuma hapa, ninamuamkia," alisema. "Miaka yote. Ulifikiri ninafichia nini hapa?"

Ningeweza kusema sikujua. Nilimwambia ukweli, kwamba nilidhani ananificha sanduku. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgeni aliyeingia bila kubisha. Hakulia. Afadhali angelia.

Siku ya tatu walikuja ndugu yake mdogo wa kike na akina mama wanne wa mtaani, wenye umri wa kwake. Niliambiwa niingie ndani nifunge mlango na dirisha. Nilisikia jembe, polepole. Nilisikia mmoja wao akiimba kwa sauti ya chini, bila maneno. Kisha nyayo zikapita chini ya dirisha, geti likafunguka na kufungwa. Walirudi jua likiwa utosini, miguu ikiwa na matope. Mpaka leo sijui mtoto yule alikuwa wa kike au wa kiume. Niliona beseni lake na bado sijui.

Rafiki yangu alirudisha mashine kwa mwenyewe, akaja kuomba msamaha kwa magoti. Mke wangu alimwinua, akampa chakula, hata akamtania kidogo. Rafiki yangu alikuwa amenionya. Mimi ndiye niliyeahidi. Kwangu mimi mke wangu alikuwa mwema kama mtu alivyo mwema kwa mpangaji. Alinipikia, aliniuliza kama nimelala vizuri. Matembele hakuyapanda tena, na visa vya Pweto niliwasikia watoto wakisimuliwa sebuleni, nikiwa chumbani.

Alipolazwa mara ya mwisho, nilikaa naye mchana kutwa. Nilimuuliza.

"Mulimupeleka wapi?"

"Ulikuwa na miaka arobaini ya kuuliza," alisema.

"Nilikosa."

"Ninajua."

Kisha akaomba maji, nikamshikia kikombe. Hakuwa na hasira, ndiyo maana nilielewa kwamba hatanijibu. Baada ya siku mbili tulimzika.

Ndugu yake mdogo yuko hai, anaishi Ruashi, na anapajua mahali hapo. Mara mbili nimekwenda kwake kwa ajili hiyo. Tumekunywa chai, tumezungumza habari za mvua na za wajukuu, amenisindikiza hadi njiani. Nadhani ningemuuliza angenionyesha, kwa huruma. Lakini mke wangu hakutaka nipajue. Mara zote mbili niliaga nikarudi nyumbani.