Siku Nilipomfungulia Karani Gunia

Nilipokuwa msichana mdogo, kabla sijaruhusiwa hata kuvuka lami peke yangu, nilifungua gunia ambalo nyanya yangu alikuwa ameniapisha nisilifungue. Ndani ya gunia kulikuwa na paka. Nilijua vizuri nilichokuwa nakifanya. Watu wazima wanaosema mtoto wa miaka sita hana njama hawajawahi kukaa na mtoto mpweke.

Nyanya nilimwita Tata, kama Wateso tunavyowaita nyanya zetu. Nilikuwa nimelelewa naye kule Angurai tangu nilipoachishwa ziwa, mimi na yeye na kuku wake na paka mmoja mweusi mwenye kifua cheupe. Kwa sababu ya kifua hicho tulimwita Karani. Alikuwa kama karani wa chifu: shati safi, kazi hana. Karani alilala miguuni pangu, na nikigombezwa alitoka nje pamoja nami, tukanuna wote wawili nyuma ya jiko. Mama yangu alikuwa Malaba, mjini mpakani, akifua mashuka katika loji moja ya madereva wa malori. Alikuja mara moja moja na mkate na sabuni, nami nilimpa mkono kama ninavyompa mgeni. Najua sasa jinsi jambo hilo lilivyomuumiza.

Kisha akaja akasema amepata chumba, na mimi nimefikisha umri wa kuanza shule. Nililia siku mbili. Tata hakunibembeleza.

"Enda na Karani basi," alisema. "Mtasaidiana."

Ila kwetu paka habebwi hivi hivi. Paka anayehamishwa hutiwa ndani ya gunia, gunia likafungwa mdomo, na kabla ya kutoka langoni huzungushwa mara tatu ili kichwa chake kipoteze upande wa nyumbani. Njia nzima hatakiwi kuona kitu. Akiiona njia atarudi, na balaa haliishii hapo: aliyembeba naye hatatulia kule alikokwenda. Hayo Tata aliyasema kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kwamba chai isiyofunikwa hupoa.

Asubuhi hiyo alilishika gunia la mbolea lenye Karani ndani, akazunguka nalo mara tatu langoni, polepole, miguu ikichora duara kwenye vumbi. Akanipa nilishike. Kisha akavua leso mabegani akanifunga macho.

"Na wewe sasa," akasema.

Nilidhani ni mchezo, nikafurahi. Alinishika mabega akanizungusha, nami nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na hakuacha. Nilifika saba nikashindwa kuendelea kwa kicheko, lakini yeye aliendelea. Aliponifungua leso alikuwa ameshikilia mti wa ua, macho yamejaa maji. Niliona kizunguzungu kimemshika yeye kuliko mimi, nikazidi kumcheka.

"Hiyo gunia usifungue," aliniambia. "Hata akilia. Sema haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu."

Tulipanda bodaboda, mimi katikati. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa jaketi la dereva, nyuma yangu kifua cha mama, na gunia mapajani. Sikuona chochote isipokuwa mshono wa jaketi lile. Hapo ndipo hofu iliponiingia: kama sioni njia, nitarudije kwa Tata? Karani alikuwa akilia. Nikafikiri, mimi sioni, lakini yeye anaweza kuona kwa niaba yetu. Nikalegeza kamba kidogo, kichwa chake kikachomoza kando ya kiuno cha dereva. Alinyamaza papo hapo. Masikio yamesimama, alitazama njia mpaka tulipoingia kwenye lami na kuikuta foleni ya malori. Kisha nikamsukuma ndani nikafunga tena. Mama hakujua kitu.

Chumba chetu kilikuwa kimoja katika mstari wa vyumba vinane, dirisha lake likitazama barabara. Shule ilitoka saa saba. Mama alinichukua mbio mbio, akanipa chakula, akarudi kufua, akanifungia kwa kufuli mpaka jioni kwa sababu ya magari na kwa sababu ya watu. Simlaumu. Lakini mchana wa Malaba ni mrefu ukiwa ndani. Niliyaona malori yamesimama tangu upande mmoja wa dirisha hadi mwingine, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakichemsha chai chini ya matrela, wakicheka kwa lugha za kwao. Hakuna aliyekuwa ananicheka mimi wala kunigombeza. Nilizoea kuongea na Karani kwa Kiteso kwa sababu shuleni tulikatazwa, na mama akirudi alikuwa amechoka hata kwa Kiswahili.

Karani alikaa dirishani akitazama upande tuliotokea. Hakuwa anatazama chai ya matanboi, nawaambia. Alitazama kwetu.

Mpango wangu ulikuwa Jumamosi. Jumamosi mama alitoka bila kufunga kufuli kwa sababu jirani alikuwepo. Ningemfunga Karani kamba ya katani shingoni, nimfuate tu, yeye mbele mimi nyuma, mpaka langoni kwa Tata. Ndani ya mkoba wa shule niliweka sweta na mandazi moja. Ijumaa nikamjaribisha kamba. Mama akaikuta.

"Hii ni ya nini? Unataka kunyonga paka ya watu?"

"Tunacheza tu."

Aliikata kwa kisu cha mboga. Asubuhi ya Jumamosi niliamka miguu yangu ikiwa baridi. Karani hakuwepo.

Mama alizunguka akimuulizia siku nzima. Namkumbuka amesimama kati ya malori mawili, mikono bado ina povu, akimuuliza tanboi mmoja: "Boss, hujaona paka mweusi, kifua nyeupe?"

"Mama, hapa paka haikai," alijibu yule kijana, bila ubaya. "Hapa ni tairi tu."

Nilisikia. Nikaingia ndani nikala lile mandazi, kwa hasira, maana nilimkasirikia Karani kuliko nilivyomwogopea. Tulikuwa tumepanga pamoja na hakuningoja. Baadaye tu, hasira ilipokwisha, ndipo nilipoanza kuogopa tairi. Kila jioni nilimuuliza mama kama ameona kitu barabarani, na kila jioni alisema hapana haraka mno.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kisha simu ya mama ikalia, naye akanikabidhi. Ilikuwa sauti ya Tata, akipiga kwa simu ya jirani, akipaza sauti kama kawaida yake ili ifike Malaba.

"Karani amefika! Amekonda, sikio limepasuka, lakini amefika. Mlifungua gunia?"

 Tata hakurudia swali.

"Na mimi, Tata?" nikamuuliza. "Mimi nitarudi lini?"

Nikasikia kuku wake. Siku hizi nikiwa peke yangu bado nawasikia wale kuku.

"Wewe hukuona njia, mwanangu," alisema. "Wewe kaa."

Nikakaa. Sijui niseme nini zaidi. Nililia, nikazoea, nikapata rafiki darasani, nikaanza kuota kwa Kiswahili. Tulipokwenda Angurai Krismasi, Tata alitupokea kwa vigelegele, akanimiminia chai katika kikombe chenye maua, kile cha wageni. Changu cha bati kilikuwa kimening'inia ukutani pale pale. Karani alikuwa mapajani mwake. Alininusa vidole, akageuza kichwa akalala. Nilikunywa ile chai kwa adabu, nikasema asante. Nilikuwa sijawahi kumwambia Tata asante kwa chai.

Tata aliondoka duniani nikiwa sekondari, katika nyumba ile ile, na Karani alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja. Huo mwaka wa mwisho Tata alikuwa peke yake kabisa. Nilikuwa na mitihani.

Miezi michache iliyopita nilipata kazi Busia, ikabidi niondoke Malaba, mimi na binti yangu Amoit mwenye miaka mitano na kipaka chake cha kijivu. Mama, ambaye mpaka siku hiyo tulikaa naye, alikuja na gunia bila kuulizwa. Amezeeka mama yangu. Vidole vimepinda kwa kufua. Alimtia kipaka ndani, akafunga, akazunguka mara tatu mlangoni, akijishikilia ukuta. Amoit alikuwa akirukaruka.

"Na mimi, nyanya! Na mimi nizungushe!"

Mama aliweka gunia chini.

"Mtu hazungushwi kwa mchezo," alisema.

Nikacheka. Nikamwambia kwamba Tata alinizungusha mimi, na ulikuwa mchezo mtupu. 

"Tata aliniuliza kwanza," mama alisema. "Aliniita nyuma ya jiko akaniuliza kama ni vibaya kumfanyia mtoto. Aliogopa hiyo lami. Alisema, huyu ananipenda sana, atatoroka arudi kwa miguu, na trela itammaliza. Nikamwambia afanye. Nilitaka ukae na mimi." Akainama kukaza fundo ambalo lilikuwa limekazwa tayari. "Akaniambia, basi nikishamzungusha, usimlete haraka."

Nilitoka nje nikasimama kati ya godoro na masufuria. Nilikuwa nimebeba kosa la gunia miaka yote hii, nikidhani siri kubwa ya safari ile ni yangu. Sijui kama kuzungusha kunafanya kazi. Karani aliiona njia akarudi. Mimi sikuiona, nikakaa mpaka nikawa mgeni. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyekuwa na mtoto mmoja tu wa kuongea naye alimfunga macho kwa leso yake mwenyewe ili mtoto huyo amsahau, awe hai. Paka alimzungusha mara tatu, kama inavyotakiwa. Mimi nilihesabu hadi saba, na hapo alikuwa hajaacha. Labda alikuwa akiongeza nguvu. Labda mikono ilikuwa imekataa kuniachilia.

Pikapu ilipokuja, gunia tuliliweka miguuni, limefungwa vizuri, kama desturi inavyotaka. Amoit nilimpandisha mapajani, nikateremsha kioo. Mama alikuwa amesimama mlangoni peke yake na kufuli mkononi.

"Angalia," nikamwambia binti yangu. "Mlango wa bluu. Tangi la maji. Hapo ndipo nyanya anakaa. Angalia njia yote."