Vitenge vya Nyumba

Kila biashara ilipomwendea vizuri sokoni Kumasi, muuza samaki wa moshi alinunua kitenge, akakinusa, akakikunja na kukifungia sandukuni bila kukishona. Antwi, mwashi aliyemjengea nyumba, alimtania: "Mama, utavivaa lini?" "Si vyangu, ni vya nyumba. Nyumba inayojengwa ikishikwa na njaa haipigi hodi."

Siku msingi ulipobubujika maji, bila lori zima la mawe kazi yote ingezama. Antwi alisubiri kilio. Mama alifuta masizi mikononi, akafungua sanduku, akapapasa kila pindo, akakawia kwenye kile cheupe alichokitenga kwa siku ya kuhamia nyumba mpya.

"Hicho kibakize, Mama."

"Nihamie wapi, mwanangu, bwawani?"

Akakiweka juu ya vingine, akajitwika furushi, akaenda kuviuza apate mawe.