Kasuku Wawili wa Deodata

Usiku ule taa ya jirani yangu Deodata haikuzimwa, na mimi nikiona taa ya mtu inawaka silali. Mtoto akikohoa mara mbili tu huwa nimeshaketi kitandani. Nikajifunga kitenge, nikavuka uwanja. Nilimkuta ameishika simu mapajani kwa mikono miwili.

“Bado hajapiga?”

“Bado, Mama Elick. Yule ndege akifa, Niragira nitamwambia nini?”

Deodata ni mjane wa hapa Nyakisasa. Analima maharage na migomba, na hakujaliwa mtoto. Mumewe alimwachia kasuku, anaitwa Chifu, ambaye hukohoa vilevile marehemu alivyokuwa akikohoa. Wageni hushtuka. Deodata huendelea kumenya ndizi zake.

Rafiki yake Niragira naye alikuwa na kasuku, Keza. Alipovuka mpaka kwenda Burundi kumuuguza mama yake, alimleta Keza na tundu lake akasema, “Nitunzie huyu. Vingine vyote vikipotea sitalia.”

Sisi huku kuku mgeni humwingizi bandani mchana. Unamwingiza usiku, gizani, ili asubuhi wenzake wamkute kama wa siku zote. Atadonolewa kidogo, basi yameisha. Deodata alifanya hivyohivyo na Keza: kulipokuwa giza akampenyeza katika tundu la Chifu. Alfajiri nikasikia yowe. Keza alikuwa ameanguka chini ya kijiti, kidole kimoja cha mguu hakipo, damu haikomi. Chifu alikuwa juu, manyoya ya shingo yamemsimama. Bwana mifugo, kijana anayeitwa Fabiani, alimchukua Keza kwa pikipiki akaahidi kupiga simu.

Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri simu hiyo. Iliita jogoo wakiwa wameshaanza kuwika. Damu imekoma, Keza amekula.

Fabiani alipomrudisha alikaa na sisi muda mrefu.

“Mama, kasuku si kuku. Kila mmoja tundu lake, bakuli lake, kijiti chake. Waonane kwa mbali kwanza. Wakitulia, sogeza kidogo. Ukiona manyoya ya shingo yanasimama na mboni ya jicho inatanuka na kusinyaa, rudisha nyuma.”

“Mpaka lini?”

“Watakuonyesha wenyewe. Na tundu moja, usijaribu tena.”

Deodata akamweka Chifu pembe ya dirisha, Keza pembe ya mlango. Mimi nikawa napita kila asubuhi kuangalia, maana mwenye wasiwasi hukaa macho hata kwa mali ya wengine. Niliona kwamba Chifu hakujali sana chakula. Alichafuka pale tu Deodata alipomsemesha Keza. Na Deodata, kwa kumhurumia mgonjwa, alikuwa akiamka anaanza na Keza.

Nikamwambia, “Elick wangu alipopata mdogo wake alimfinya kila siku. Niliacha kukimbilia kichanga kabla ya kumtazama yeye, akaacha kufinya. Anza na Chifu.”

Akaanza na Chifu. Kumfunulia tundu asubuhi, kumpa maji, hata kumwamkia. Jirani yetu Jovina alipita na ndoo akasikia.

“Deodata! Unampa ndege shikamoo? Na beberu wangu mwenye ndevu mbona unampita kila siku?”

“Akijibu marahaba nitamwamkia.”

Chifu akakohoa ndani. Jovina alicheka mpaka maji yakamwagika.

Haikwenda moja kwa moja. Matundu yalisogezwa, yakarudishwa, yakasogezwa tena. Baadaye Deodata alianza kuwatoa nje ya matundu, na mimi nikisimama pembeni na kitenge mkononi, tayari kuwafunika. Kuna siku nilikitumia. Siku nyingine nilirudi nacho nyumbani kikiwa kimekunjwa.

Maharage yalikuwa yameshavunwa Niragira aliporudi. Mama yake alikuwa hajapona. Alikuja kuamua kama atamchukua Keza au atamwacha tena. Kabla hajakaa aliuona mguu wa Keza. Deodata hakumngoja aulize. Alimweleza yote, na habari ya kuku pia. Niragira aliinama akauangalia ule mguu kwa karibu.

“Nataka kuwaona wote wawili nje ya matundu,” akasema mwishoni. “Nikiona anaogopa, naondoka naye.”

Kitenge changu kilikuwa kwenye kamba, nyumbani. Niragira akapeleka mkono kwenye tundu la Keza, Deodata akaushika.

“Ngoja. Mkubwa kwanza.”

Akafungua la Chifu. Chifu alitoka polepole, akapanda juu ya tundu lake, akajikung'uta. Deodata akamsubiri mpaka manyoya ya shingo yalale. Ndipo akafungua la Keza. Keza alitoka akichechemea, akaruka hadi kwenye fimbo iliyofungwa kwa ajili yake karibu na mlango, akaanza kumenya karanga. Chifu akamtazama kwa jicho moja, kisha akageukia dirisha.

Niragira alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

“Hawapendani,” akasema.

“Hawapendani,” akajibu Deodata. “Lakini wanakaa.”

Niragira akamkuna Keza kichwani, akachukua mkoba wake tu. Tulimsindikiza mpaka njiani. Niliporudi kuchungulia, milango ya matundu yote mawili ilikuwa bado wazi, na kila ndege yuko kwenye pembe yake.