Kafunguo Kadogo Juu ya Televisheni

Mpaka leo nikishuka Bwera kwetu, mpakani na Kongo, navuta kofia mpaka kwenye nyusi, na si kwa sababu ya jua, ni kwa sababu kuna watu pale wakiniona wananyoosha mkono na kuuzungusha hewani kama mtu anayefungua kufuli, halafu wanacheka, na wana haki ya kucheka. Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwao, maana wao wanasimulia vizuri zaidi.

Naitwa Masereka, fundi wa simu wa kujifundisha. Nilisoma peke yangu katika chumba changu cha kupanga Kasese, na mtu wa namna hiyo huwa na ugonjwa mmoja: kila saa anaogopa kugundulika kwamba hajui. Ndiyo maana najaribu kila kitu kupita kiasi. Nikitoka nyumbani naangalia swichi mara tatu, nafika barabarani, narudi kuiangalia mara ya nne.

Mkasa ulianza Alhamisi moja mama alipokuja Kasese kununua vitambaa vya sherehe ya mahari ya dada yangu Mbambu. Alikuwa anawaonyesha wenzake wa kanisa picha za ubatizo kwenye simu, mara tangazo la uchi likaruka na kujaa kioo kizima. Alinikabidhi simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya, nami nikaapa kuzisafisha simu za ukoo wote.

Kuna kitu kinaitwa DNS. Nawaeleza kama nilivyomweleza mama: ukienda Kyondo kutafuta nyumba usiyoijua, unamwuliza mtu wa njiani akuonyeshe. Simu nayo, kabla ya kufungua chochote, inauliza "huyu anakaa wapi?", na kila mtandao una mtu wake wa kuulizwa. Ukimweka mtu wako unayemwamini, anayekataa kuonyesha nyumba za wachafu, uchafu haufiki. Shida ni kwamba waifai ina mipangilio yake na data ina yake, ukihama tu simu inarudi kumwuliza yule wa zamani. Nikapata programu ndogo ya kuilazimisha simu imwulize mtu yule yule mmoja, popote, kwenye mtandao wowote. Ikiwa inafanya kazi, juu ya kioo panatokea alama ya ufunguo mdogo. Na ina namba ya siri ili mtu asiizime. Namba hiyo niliijua mimi peke yangu. (Nilisema ni kwa usalama wao. Ukweli ni kwamba nilipenda.)

Ijumaa ndugu walipita kwangu na mizigo ya sherehe, nami nikawawekea wote, mmoja mmoja. Hata Bwambale, anayemwoa dada yangu, nilimwekea, tena yeye kwa ukali kidogo. Aliyekataa ni mmoja tu, Shangazi Masika, dada wa marehemu baba, aliyekaa Beni, Kongo, miaka mingi na sasa anauza vitenge Mpondwe. Aliifunga simu yake kwenye pindo la kitenge akasema, "Simu yangu haiko mugonjwa, mutoto yangu. Siku itaumwa nitakuita." Nilicheka, nikamwambia amebaki nyuma.

Nilijaribu ile programu mara ishirini na zaidi. Chumbani kwangu. Kwa waifai ya jirani, kwa data ya laini yangu, nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa. Bwera, ambako sherehe yenyewe ingefanyika, sikuijaribu hata mara moja.

Sasa mjue jambo moja la ukoo wetu. Wageni wakileta mbuzi wa mahari, kamba ya mbuzi wa kwanza haifungwi kwenye nguzo yetu mpaka mkubwa wa ukoo amwone mbuzi kwa macho yake na kusema, "Funga." Baba hayupo, na kaka yake, Baba Mkubwa Baluku, anakaa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa amevunjika mguu. Sauti ya simu peke yake wazee hawakuitaka, kwa sababu kwenye harusi moja ya zamani mtu alijificha nyuma ya nyumba akaiga sauti ya mkubwa, na ugomvi wake haujaisha. Walitaka kuona uso. Na jua likizama kamba ikiwa bado mkononi mwa wageni, mbuzi wanarudi kwao, na maneno yanayosemwa juu ya msichana ambaye mbuzi wake wamerudi siwezi kuyaandika hapa.

Nani atashughulikia simu ya picha? Mimi, nani mwingine. Niliazima televisheni kubwa, nikaiunganisha na simu yangu kwa waya, nikapanga viti. Kwa kuwa laini yangu ya Kasese inasuasua Bwera, nilimtuma binamu yangu Thembo, dereva wa boda, aniletee laini wanayotumia watu wa pale, ikiwa na bando. Asubuhi ya sherehe dada mmoja wa ukoo alikuwa ameniambia simu yake haifungui kitu tangu ashuke kwenye gari. Nilimjibu bila kumtazama kwamba ni msongamano.

Saa kumi na moja jioni wageni kutoka Kyarumba wamekaa, wamewashusha mbuzi kwa vijia vya mlimani, na mdogo wa Bwambale amesimama katikati ya uwanja ameshika kamba. Nikapiga. Kwenye televisheni duara likaanza kuzunguka. Likazunguka. Na pembeni, juu, kikubwa kama kiganja changu, kikaonekana kile kifunguo.

Nilijua papo hapo. Nataka mlielewe hili, sikuchukua muda. Mtandao ule wa Bwera ulikuwa haumruhusu mtu wangu wa kuulizwa, na simu imefungiwa isimwulize mwingine, kwa hiyo imesimama njia panda kama bubu. Lakini kila ninachobonyeza kinaonekana kwenye televisheni, mbele ya wakwe, na mdomo wangu ukasema, "Thembo, kweli uliweka bando?"

"Niliweka, kaka."

"Uliweka, au ulisahau?"

Mzee Kule, msemaji wa wageni, akadakia, "Kijana ya boda, data ya bibi harusi umeikunywa?" Uwanja ukacheka. Thembo hakucheka. Aliwasha pikipiki akaenda Mpondwe kununua bando lingine, nami nikamwacha aende.

Alipokuwa huko niliomba simu ya Bwambale, nikageukia ukuta niingize namba ya siri kimyakimya. Nilikuwa na haraka. Nikakosea mara tatu, na programu ikajifunga saa nzima kwenye simu zote, kwa sababu nilikuwa nimeipanga hivyo mwenyewe, na Ijumaa nilijisifu kwa hilo. Mbuzi alikuwa ameanza kula maua ya karatasi ya kwenye hema. Nikawaambia wazee ni minara ya Kongo inaingiliana na ya kwetu, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, wakiniamini. Dirisha la chumba likafunguka kidogo. Mbambu, amevaa tayari, akaniambia neno moja tu: "Jua." Nikatazama. Lilikuwa limekaribia milima.

Thembo akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Tukaweka bando jipya. Duara likazunguka.

Hapo Shangazi Masika akatoka jikoni kuuliza kwa nini chakula kinapoa. Akasimama mbele ya televisheni, mikono ina unga wa muhogo, akaitazama kwa muda.

"Masereka. Kale kafunguo kadogo kule juu kako nafunga nini?"

Nikaanza kukaza waya wa televisheni.

Hakuuliza tena. Alifuta mikono, akafungua pindo la kitenge, akapiga, na Baba Mkubwa akatokea hapo hapo, amevaa koti na tai, mguu juu ya stuli. "Muko wapi nyinyi?" akasema. "Niko mu koti tangu asubuhi." Wakamwonyesha mbuzi, wakamwonyesha Bwambale, akawatazama wote wawili kwa umakini ule ule, akasema, "Funga." Kamba ikafungwa, vigelegele vikapanda, na mimi nikadhani nimepona.

Kumbe mzee hajakata simu. "Sasa nani alinikawisha?"

Uwanja wote ukamgeukia Thembo. Yeye akainamia viatu vyake. Angenyamaza, namjua, angelibeba mpaka kaburini.

"Ni mimi, Baba Mkubwa," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mbuzi. "Thembo aliweka bando. Ni mimi nilizifunga simu. Nilijua tangu mwanzo."

Hilo la mwisho ndilo lililowauma watu. Mzee Kule akasema mkwe wa kufunga njia anatozwa faini ya jogoo, na nikamtoa. Jogoo hakuwa kitu. Kitu kilikuwa mama yangu, aliyekuwa akinitazama kama siku ile alipotazama kioo cha simu yake.

Watu walipokuwa wanakula nilizunguka meza zote nikipiga magoti, nikizifungua simu moja moja, na kila mtu ananipa yake kwa vidole viwili. Thembo nilimwacha wa mwisho kwa woga. Aliiweka simu mezani, hakunipa. Alinipa mkono wake na kalamu.

"Andika namba hapa," akasema. "Nitafungua mwenyewe."

Nikaiandika kwenye kiganja chake, tarakimu nne, wino ukishika kwa shida juu ya vumbi la barabara ya Mpondwe. Tangu siku ile siweki kitu chenye namba ya siri kwenye simu ya mtu kabla sijamwomba mkono wake nimwandikie namba hiyo. Wateja wangu wa Kasese wanadhani ni mbwembwe za fundi, nami sijawahi kuwaeleza.