Kibuyu cha Nyanya Nilikipaka Vanishi

Nilikosea, tena kwa kiburi. Ukitaka kunicheka, cheka tu.

Naishi Free Area, hapa Nakuru. Sebule yangu imejaa vigoda vya wazee, ngao, shanga na vyungu. Mgeni akiingia namwambia, "Mimi nahifadhi utamaduni wetu." Loo! Kujisifu huko!

Nyumbani Kabazi, mama alikuwa na kibuyu cha marehemu nyanya, cha kugandishia mursik, maziwa yetu ya mgando. Ndani kilikuwa kimekolea mkaa wa kutia maziwa ladha, wa miaka na miaka. Nilikiomba, akakataa.

"Wee, hiyo si ya kuweka kwa ukuta. Hiyo iko na kazi."

Nikajiambia mama haelewi sanaa. Jumapili moja akiwa kanisani, nikakibeba. Kwa kuogopa wadudu nikakisugua kwa sabuni, nikakipaka vanishi nje na ndani. Ndani! Kikang'aa, nikakipiga picha nikaringa nacho mtandaoni. Mama alipouliza, nilimjibu kiko salama.

Kisha ndugu yangu mdogo akaoa. Kwetu bibi harusi hupokewa kwa maziwa ya kibuyu cha boma, na mama mwenyewe alipokewa kwa hicho hicho. Akanipigia simu.

"Rudisha kibuyu niweke maziwa. Wageni wanakuja."

Nilikipeleka nikitabasamu, mjinga mimi! Mama akakifungua, akanusa.

"Umeweka nini huku ndani?"

"Ni vanishi, mama. Ndio isioze."

Hakufoka. Afadhali angefoka! Aliketi, akakipakata kama mtoto, machozi yakamtoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi harusi alipokewa kwa kibuyu cha kuazima kwa jirani. Mama alikishika akiwa ameinamisha kichwa, na wakwe walimwona. Aibu ile niliileta mimi, mwanawe wa kumzaa!

Jioni alinirudishia kile cha vanishi. "Kaa nayo. Si ulitaka ya kuangalia?"

Kiko kabatini mwangu, kinang'aa, na siwezi kukitazama.

Nyinyi mnaozunguka vijijini mkikusanya vitu vya wazee, nawasihi! Muulizeni mwenyewe kwanza kama kitu chake bado kina kazi, na akikataa, kiacheni jikoni kwake na moshi wake. La sivyo mtafika kwenu siku moja mpewe maziwa ya pakiti, ndani ya gilasi ya wageni, kama ninavyopewa mimi na mama yangu.